Nyumba iko Iyumbu, moyo uko Zanzibar: safari ya kutafuta mawazo ya ndani ya nyumba ipangwe vipi?

Swali: "Habari za kazi. Tumejenga Iyumbu, Dodoma, nyumba ya vyumba vitatu. Imepauliwa, imepigwa plasta na madirisha ya aluminiamu yameshawekwa. Sasa tuko kwenye umaliziaji wa ndani na nimechoka kutazama picha za kwenye simu, maana kila sebule inafanana na ya jirani yake. Nina likizo ya wiki mbili mwezi wa Agosti, nataka nisafiri nikaone kwa macho yangu. Mimi nawaza Zanzibar. Mume wangu anasema hiyo ni starehe na hela yake ingenunua marumaru. Niende wapi, nitazame nini, na nirudi na nini? Na je, niende na fundi?"

Jibu:

Dada yangu, hongera kwanza. Kufikisha nyumba kwenye paa kwa bei za vifaa za siku hizi si mchezo, na ukiona mtu ameanza kuwaza mapazia ujue pabaya ameshapavuka.

Nianze na shemeji, maana hoja yake ina uzito. Safari ya kutafuta mawazo hugeuka starehe pale mtu anapoondoka nyumbani bila swali. Utafika Mji Mkongwe, utapiga picha kila mlango, jioni utakula pweza Forodhani, utarudi Iyumbu na kikapu kimoja na simu iliyojaa. Fundi rangi akikuuliza tunapiga rangi gani, utamwonyesha mlango. Hapo shemeji atakuwa ameshinda kesi. Lakini ukiondoka na maswali kumi kwenye daftari, halafu ukarudi na majibu matatu tu yaliyonyooka, safari imejilipa, kwa sababu kosa la umaliziaji hulipiwa mara mbili: kuweka, na kubomoa.

Sasa nikuudhi kidogo na wewe. Zanzibar isiwe ya kwanza.

Nyumba yako iko kwenye nchi kavu, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500. Mwenye nyumba wa Unguja anapambana na unyevu na fukuto, ndiyo maana dari yake iko juu, milango yake ni mipana na ukuta wake umepakwa chokaa. Wewe unapambana na jua kali, vumbi, upepo wa kiangazi, na ile baridi ya usiku wa Juni na Julai ambayo mgeni wa Dodoma haiamini mpaka aazime blanketi. Wazo la ndani ya nyumba husafiri pamoja na hali ya hewa iliyolizaa. Ukilichukua wazo ukaiacha hali yake ya hewa, litakusumbua.

Nikupe mfano wa mlango, kwa kuwa najua ndio unaokuita. Kuna mteja mmoja hapa mjini alinunua mlango wa kuchonga pwani, mpya kabisa, mzuri wa kutazamwa, akausafirisha kwa lori na kuuweka kabla ya kiangazi. Kufika Septemba bao mojawapo lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi chini, na kati ya mbao mbili unaweza kupitisha biro. Mchongaji hakumwibia. Mbao hunywa na kutoa unyevu kufuata hewa inayozizunguka. Zilizokauka pwani bado zina unyevu mwingi kwa hewa ya Dodoma, zikifika huku zinasinyaa, na kama zimebanwa kwa gundi na misumari pande zote hazina pa kusinyalia isipokuwa kupasuka. Dawa yake ni rahisi ukiijua mapema. Mlango utengenezwe Dodoma, kwa mninga au mkongo uliokaa ndani ya banda la huku wiki kadhaa kabla ya kupigwa randa, na yale mabao ya katikati yakae ndani ya mfuo bila gundi, yaweze kucheza. Fundi mzuri atakuelewa ukimwambia sentensi hiyo moja. Asipoelewa, tafuta mwingine.

Na bado hatujagusa vumbi. Uchongaji wenye maua madogomadogo ni mtego wa vumbi jekundu. Pwani mtu anapitisha kitambaa mara moja kwa wiki, lakini Iyumbu mwezi wa Septemba utapitisha brashi kila siku, na nani ana muda huo?

Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya bure. Jumamosi moja kabla ya likizo, chukua kiti cha plastiki ukakae ndani ya nyumba yako tupu. Kaa sebuleni saa mbili asubuhi, kaa tena saa saba mchana, rudi saa kumi na moja jioni. Andika jua linaingia wapi, upepo unapita wapi, na mwangwi unatoka chumba gani. Kumbuka kwamba mwezi wa Agosti jua la Dodoma hupita upande wa kaskazini, na ifikapo Desemba huhamia kusini, wakati ukuta wa magharibi unapigwa mwaka mzima. Ukitazama siku moja tu utadanganyika kuhusu dirisha la kusini. Upepo wa kiangazi kwetu hutoka zaidi mashariki, basi nenda ukaone kuna nini upande huo: kiwanja kitupu cha jirani, au barabara ya vumbi?

Hapo ndipo maswali yanapozaliwa. Sebule ina dirisha kubwa, mbona saa saba tunafunga pazia na kuwasha taa? (Ni mng'ao, na haya madirisha ya kusukuma yana kasoro nyingine tena: hufunguka nusu tu, basi hewa uliyoilipia huipati yote.) Siku ya kipaimara au msiba watu ishirini watakaa wapi bila kununua kochi la tatu? Korido ina upana wa mita moja na futi chache, itakuwa njia tu au itabeba kitu? Viatu vya familia nzima vitakaa wapi, maana vumbi huingia kwa miguu zaidi ya linavyoingia kwa dirisha? Andika ya kwako. Chora na ramani ya kila chumba kwenye karatasi, weka vipimo vyote, hata kimo cha kingo ya dirisha. Karatasi hiyo ndiyo pasipoti yako, usitoke bila hiyo.

Safari ya pili iwe ya siku moja au mbili, hapahapa kwa Wagogo. Watu wa Dodoma tunapita kando ya tembe kwa pikipiki kama hatulioni, halafu tunakwenda kulipia hoteli kuona "nyumba za asili". Katika vijiji vya Chamwino na Bahi bado yapo machache yanayokaliwa. Tembe ni nyumba ya chini, ukuta wa miti na udongo, paa la bapa lililobebwa na nguzo za mapanda na kufunikwa udongo, vyumba vimejipanga kuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Mvua ikiwa chache, paa bapa linavumilika. Upepo ukiwa mkali, nyumba fupi haina cha kushikwa. Jua likiwa kali, udongo mnene huchelewa kupata moto mchana na huchelewa kupoa usiku.

Simaanishi ukajenge tembe Iyumbu. Ndani mna giza, moshi unakaa, na mtu mrefu ataumia kichwa. Kaa tu hapo saa saba mchana ukijiuliza kwa nini pana ubaridi kuliko nyumba ya bati ya jirani yake. Jibu utakaloligusa kwa mkono ni kwamba tundu ni dogo na ukuta ni mnene. Kwako maana yake inaweza kuwa pazia zito lenye bitana kwenye dirisha la magharibi, au rafu ya vitabu ya ukuta mzima upande huo, kwa kuwa vitabu na mbao navyo huzuia joto. Tazama pia ua. Shughuli zote za mchana ziko nje, kivulini, pembeni ya ukuta. Ukiona hivyo utaacha kuhangaika na makochi ya watu ishirini na utaanza kuiwaza varanda ya nyuma.

Adabu ya kwenda kijijini unaifahamu, lakini niitaje kwa sababu simu inatutoa akili. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au balozi. Salimia kwa "mbukwa" hata kama Kigogo chako kimeishia hapo. Omba ruhusa ya kuingia, na ruhusa ya picha iwe ombi lingine tofauti. Beba sukari na sabuni. Usipige picha kitanda cha mtu. Na kama muda haukuruhusu, tembe la Kigogo limejengwa pia katika Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kando ya barabara ya Bagamoyo, pamoja na nyumba za makabila mengine. Utalipitia ukienda pwani, ingawa nyumba isiyolaliwa na mtu haikufundishi vyote.

Safari ya tatu ni Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya kale ya miambani, na hii ndiyo nisingekubali uikose. Ni kilomita 180 hivi kutoka Dodoma kwa barabara ya lami iendayo Babati. Basi litakushusha kandokando ya ofisi inayosimamia michoro, pale utalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Michoro yenyewe iko mbali na lami, kuna njia ya vumbi na kupanda mlima kwa miguu, hivyo pangeni usafiri wa gari lililoinuka, vaa raba, na ulale Kondoa mjini badala ya kugeuza siku hiyohiyo. UNESCO iliiweka michoro hii kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baadhi ya mapango bado hutumiwa na wenyeji kwa matambiko, kwa hiyo mwongozaji akisema hapa tusiingie, usibishe.

Utauliza michoro ya mapangoni inahusiana nini na sebule. Simama chini ya jabali la Mungomi, mojawapo ya yale yenye michoro, utazame kwanza mahali, kabla ya kutazama picha. Mwamba umetokeza mbele kama kibaraza. Jua haliipigi michoro moja kwa moja, na maji ya mvua hudondoka mbele yake. Watu wamechora sehemu nyingi, lakini tunayoiona leo ni ile iliyokuwa kivulini na pakavu. Sasa fikiria ukuta wako wa mashariki, kama ungependa kuutundikia picha ya harusi mbele ya dirisha. Ndani ya miaka michache ya jua la Dodoma bwana harusi atakuwa kijivu. Picha, vitambaa na kochi la rangi kali zikae kwenye ukuta ambao jua halifiki. Ndiyo maana nilikutuma ukakae na kiti cha plastiki.

Halafu tazama rangi. Nyingi ni wekundu wa ngeu, ule udongo mwekundu ambao hata maseremala wa zamani walichorea mistari. Nyingine ni nyeupe, na kwa ujumla nyeupe ni za baadaye kuliko nyekundu. Zote ziko juu ya jiwe la kijivu lenye madoa. Watu wamechorwa wembamba, warefu, na wanyama kama pofu, twiga na tembo. Zile rangi tatu, ngeu, kijivu cha jiwe na weupe uliopoa, zinatosha nyumba nzima. Zina faida ambayo kitabu cha rangi hakikuambii: vumbi la Dodoma ni la ukoo huohuo. Ukuta mweupe wa theluji ndani ya nyumba yenye watoto Iyumbu ni adhabu unayojipa mwenyewe. Ukipaka sehemu ya chini ya korido, kimo cha kiuno, rangi ya mafuta yenye wekundu wa udongo, na juu yake weupe uliopoa, utafuta kwa kitambaa kibichi na maisha yataendelea. Madarasa yetu ya shule ya msingi yalifanya hivyohivyo kwa sababu hiyohiyo, ila waliochagua ile buluu hawakuwa na haraka ya kupendeza.

Usiguse michoro, usiimwagie maji ili ionekane vizuri, usiwashe taa ya kamera. Badala yake beba kitabu cha sampuli za rangi, kile ambacho duka la rangi humpa mteja, ukisogeze hewani karibu na jiwe bila kuligusa, uandike namba inayokaribia. Simu haijui rangi. Simu moja itakupa ngeu ya rangi ya chungwa, nyingine itakupa ya maini. Namba ya kwenye kitabu utampelekea muuza rangi naye atakuchanganyia ileile.

Sasa pwani. Shemeji mpe habari kwamba nauli imeacha kuwa hoja kubwa. Treni ya SGR ilianza kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam ikiwa shilingi 31,000, na mwendo wa saa tatu hadi nne umelifanya basi la siku nzima lionekane la zamani. Angalia nauli ya sasa kabla ya kukata tiketi, na ukate mapema kama unasafiri Ijumaa au Jumapili. Boti kwenda Unguja ni kama saa mbili. Kinachouma ni malazi, maana Agosti ni msimu wa watalii na hoteli za Mji Mkongwe hupandisha bei. Lala Ng'ambo, ile mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, uingie mjini kwa miguu. Na ukiwa Ng'ambo tembea hadi Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ukipata mwenyeji wa kukukaribisha ndani, utajifunza namna familia kubwa inavyopanga sebule ndogo, jambo ambalo hoteli yenye kitanda cha nguzo nne haitakufundisha hata ulipie wiki.

Ndani ya Mji Mkongwe, ambao nao ni Urithi wa Dunia tangu 2000, nenda na karatasi ya vipimo mkononi. Milango itazame, kwa nini usiitazame, ila itazame kama fundi: mabawa mawili, mfaa wa katikati uliochongwa, fremu inayobeba nakshi zote. Unaona kwamba uso wa mlango wenyewe mara nyingi ni mbao tupu zenye misumari ya shaba, na urembo umejaa kwenye fremu? Hilo unaweza kulichukua hadi Dodoma bila mlango mzima: mlango wa kawaida wa mninga, fremu pana yenye mfuo mmoja au miwili iliyonyooka. Fundi wako anaiweza, na vumbi halina pa kujificha.

Kinachofaa zaidi kuliko mlango ni vyumba. Utaona vyumba vingi vya nyumba kongwe ni virefu na vyembamba, karibu mita tatu kwa upana. Hawakupenda wembamba. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Kwa kuwa walibanwa, wakajifunza kuishi humo: viti vyote vimeegemea ukuta, katikati pako wazi, vitu vidogo vimeingia ndani ya ukuta kwenye vidaka. Korido yako na sebule yako, kama ni ramani ile ya vyumba vitatu tunayoijua sote, zina ubanifu huohuo. Pima. Kiti kimetokeza sentimita ngapi kutoka ukutani? Njia iliyobaki ni pana kiasi gani? Watu wawili wanapishana?

Ila vidaka visikuponze. Ukuta wa nyumba kongwe ni mnene, wa mawe ya matumbawe na chokaa, unachimbika kidaka kikabaki ukuta. Wako ni wa tofali la inchi sita. Ukianza kuuchimba utatokea kwa jirani. Tumia kisanduku cha mbao chenye kina cha sentimita 15 kilichopigwa kati ya nguzo mbili zilizotokeza, au ongeza kipande cha ukuta wa nusu tofali mahali pale tu unapohitaji. Hesabu ya pili ni ghali kidogo lakini hukupa na pa kupitishia waya za televisheni.

Na zile baraza za nje, viti vya ukuta mbele ya nyumba ambapo watu hupiga soga na kucheza bao. Hapo ndipo jibu la watu ishirini lilipo, dada. Kaa juu yake, pima kimo na upana. Kimo cha sentimita 45 na upana wa 50 humfaa mtu mzima. Ijenge kwenye varanda ya nyuma kwa tofali na saruji, utandike magodoro membamba siku ya wageni, siku nyingine iwe ya viatu chini na ndoo juu. Uso wake usakafiwe kwa saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa nta, kama sakafu za zile nyumba za zamani za serikali. Ni rahisi kuliko marumaru, haitelezi sana, na shemeji atafurahi kusikia kuna mita kadhaa za mraba zisizohitaji marumaru.

Iringa nitaipitia haraka. Ni kilomita 260 hivi kupitia Mtera, lami tupu. Nenda kama una siku mbili na unataka kununua, maana vikapu vya milulu vya akina mama wa Kihehe vinavumilia hali yetu ya hewa kuliko vinyago, vinasafishika kwa kukung'utwa na vinaficha vitu vingi vya sebuleni. Pale mjini kuna karakana ya Neema Crafts, ambako wafanyakazi wengi ni watu wenye ulemavu, unaweza kuona kitambaa kikifumwa na kuuliza kabla ya kununua. Kama hela ni ya safari moja tu baada ya Kolo, chagua: Iringa kwa vitu, Unguja kwa vyumba. Mimi ningechagua vyumba, vitu utaagiza hata kwa basi.

Njiani piga picha tatu za kila kitu kinachokujibu swali: moja ya mbali inayoonyesha chumba chote, moja ya kitu chenyewe, moja ya karibu kwenye kiungo, pale mbao inapokutana na ukuta au pazia linapokutana na fimbo. Kwenye ile ya karibu weka futi au hata biro ili kipimo kionekane. Chini yake andika sentensi moja: hiki kinafanya kazi gani? Kama huwezi kuijaza sentensi hiyo, futa picha. Jioni kabla ya kulala punguza. Ukirudi na picha arobaini zenye maelezo utakuwa na kitu, ukirudi na mia nne utakuwa na simu nzito.

Kununua, siku ya kwanza usinunue chochote. Vikapu, mikeka na vitambaa nunua siku ya mwisho, baada ya kujua chumba kinachokwenda. Samani kubwa acha, kwa sababu za unyevu nilizokwisha kueleza, na kwa sababu ya ushuru na uchukuzi wa bandarini. Ukiambiwa "huu mlango ni wa kale, wa babu", usiuziwe mbuzi kwenye gunia: wa kale kweli unalindwa na sheria, na wa juzi uliopakwa mafuta machafu hauna thamani unayoambiwa. Makombe na matumbawe yaache baharini.

Ukirudi nyumbani kaa wiki mbili bila kuagiza kitu, hata kama fundi anapiga simu. Chukua mawazo yasiyozidi matatu. Yajaribu kwa bei ya chaki: chora baraza sakafuni kwa vipimo vyake halisi, pitisha watoto, pitisha beseni la nguo. Rangi ipake mita moja ya mraba kwenye kuta mbili tofauti, itazame asubuhi, itazame saa kumi na moja jioni jua likiwa jekundu, itazame na usiku kwa taa. Rangi nyingi zinazopendwa dukani hufa kwenye mtihani wa saa kumi na moja. Na mume wako awepo, maana atakayeishi na ukuta huo ni yeye pia.

Kuhusu fundi: seremala ndiye wa kwenda naye, fundi rangi mwache. Na umchukue kwenye ile siku ya vijijini na ya Kolo tu, pwani nenda mwenyewe. Mlipe posho sawa na anachopata kwa siku ya kazi, na chakula juu yako, kwa sababu siku hiyo hajauza kitanda. Akiona paa la tembe lilivyobebwa na mapanda, au kivuli cha jabali, hutahitaji kumweleza kwa maneno unataka rafu ya namna gani. Ya pwani utamletea kwa mchoro wenye vipimo badala ya picha tupu. Picha hukubaliwa na kila fundi, mchoro humlazimisha akuulize maswali. Kabla hujaondoka mwulize pia ana mashine gani. Kama hana ya kukata tao, huna sababu ya kutumia asubuhi nzima ya Mji Mkongwe kupima matao. Na malipo ya awali usimpe hadi wiki zile mbili ziishe.